BHAGAT SINGH NA MLANGO WA RUFANI

Tarehe 23 Machi 1931, katika jela ya Lahore, Bara Hindi, Bhagat Singh alinyongwa pamoja na wenziwe wawili, Sukhdev na Rajguru. Umri wake ulikuwa miaka 23. Yafaa kila mfanyakazi ayajue maisha yake, na zaidi jinsi kesi yake ilivyoamuliwa.

Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Punjab, katika jamaa ya wakulima waliochukia kutawaliwa. Mwaka 1928 mzee Lala Lajpat Rai, aliyeongoza maandamano mjini Lahore, alipigwa virungu na polisi, akafariki kabla mwezi haujatimia. Vijana wakaazimia kulipiza kisasi. Tarehe 17 Desemba walimpiga risasi ofisa wa polisi, Saunders, wakimdhania kuwa mkubwa wake. Mwezi wa Aprili 1929 Bhagat Singh na mwenzake walitupa mabomu katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Delhi, kupinga sheria za kubana migomo na kuwanyamazisha wananchi. Hapana aliyekufa, nao walisimama pale pale mpaka wakakamatwa.

Kesi ya kumwua Saunders ilikwenda polepole, kwani washtakiwa waligoma kula wakidai kutendewa kama wafungwa wa siasa. Ndipo Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza, alipotoa amri tarehe 1 Mei 1930. Kesi ikaondolewa katika mahakama za kawaida, ikapewa majaji watatu maalum walioruhusiwa kuisikiliza hata washtakiwa wasipokuwapo. Mahakama Kuu ikakatazwa kuigusa hukumu yao. Hukumu ya kifo ikatolewa tarehe 7 Oktoba. Ukabaki mlango mmoja tu, Baraza la Mfalme huko London, ng'ambo ya bahari. Nalo mwezi wa Februari 1931 likakataa kuipokea rufani.

Hatusifu kuua. Lakini kwa sheria ya kawaida ya wakati ule, hata mnyang'anyi aliyehukumiwa kifo hakuweza kunyongwa mpaka Mahakama Kuu imeithibitisha hukumu yake. Bhagat Singh alinyimwa kile alichopewa mnyang'anyi.

Serikali inayoamini haki yake haiogopi hukumu zake kupimwa mara ya pili. Ndugu wafanyakazi, rufani ni ngao ya kila mtu, hata yule tunayemchukia. Siku anaponyang'anywa yeye, nasi tumekwisha kunyang'anywa.