James Kirkman na Siri ya Kitako cha Bakuli

Mwanafunzi wa Chaani anayevuka Makupa pamoja na wenzake kwenda kuizuru Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, aghalabu huvutiwa kwanza na mizinga. Chumba cha makumbusho chenye mabakuli na sahani zilizopangwa nyuma ya vioo hukipita upesi, maana vyombo vya kulia anavijua kwao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu umri wa miji ya kale ya pwani ya Kenya ilitokana na vyombo vya aina hiyo, tena vingi vikiwa vimevunjika. Mtu aliyevipa nafasi hiyo katika taaluma, na ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa makumbusho hayo, ni James Spedding Kirkman.

Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906, aliletwa Kenya na kazi ya akiolojia mwaka 1948. Alikabidhiwa magofu ya Gedi, karibu na Watamu, yaliyokuwa yamemezwa na msitu. Sir John Kirk alikuwa ameyafikia mwaka 1884, na serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa katika miaka ya 1920, lakini hakuna aliyejua kwa yakini yalikuwa ya lini. Gedi haikuwa na tarikh iliyoandikwa kama ile ya Kilwa au ya Pate. Wareno, walioishi Malindi kwa miaka mingi, hawakuacha maelezo yanayoutaja mji huo kwa jina ambalo mtu angelitambua bila shaka. Ukuta wa matumbawe nao hausemi umri wake. Wa karne ya 14 na wa karne ya 16 huweza kufanana kama mapacha.

Ilimlazimu Kirkman kutafuta shahidi mwingine, naye akampata takatakani. Chombo cha kauri kikivunjika hakiozi wala hakipati kutu, na hakuna anayehangaika kukiyeyusha akitengeneze upya kama afanyavyo mwenye dhahabu au shaba. Hutupwa, kikafunikwa na vumbi, kisha sakafu mpya ikamwagwa juu yake. Kanuni aliyoifuata yaeleweka hata kwa asiyewahi kushika sururu: sakafu haiwezi kuwa ya kale kuliko kigae kipya zaidi kilichofungiwa chini yake. Kwa kuwa mitindo ya vyombo vya China ilibadilika kutoka kipindi hadi kipindi, na mabadiliko hayo yalikuwa yameshachunguzwa na wataalamu wa Asia na Ulaya, kila kigae cha Gedi kiligeuka kuwa kama sarafu isiyo na maandishi. Mapema palitangulia vyombo vya nchi za Kiislamu. Kauri nzito ya kijani kutoka majoko ya Longquan ikatia fora katika karne za 14 na 15, na baadaye ile nyeupe yenye michoro ya samawati ikazidi kushika nafasi yake.

Yafaa kugusia hapa neno lenyewe, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Katika Kiswahili, kauri ni kombe dogo la baharini linalong'aa, na pia ni udongo uliochomwa ukang'aa mfano wa kombe hilo. Jina la Kizungu la vyombo hivi nalo limetokana na neno la Kiitalia porcellana, lililokuwa jina la kombe hilohilo. Watu wa bahari mbili waliutazama mng'aro mmoja, na pande zote mbili wakakumbuka ufukwe.

Kubainisha kauri ya kale iliyo ya kweli kulihitaji mazoea ya jicho na ya kidole. Anayeanza hutazama ua lililochorwa katikati ya sahani. Aliyezoea huipindua sahani akatazama kitako. Uso wa chombo ni rahisi kuigwa, kwa kuwa ndiko mnunuzi anakoangalia, lakini kitako huonyesha udongo ukiwa uchi pale ambapo ngozi ya kioo haikufika. Hapo huonekana kama udongo ni mweupe au una kijivu, kama pete ya kitako ilikatwa kwa ustadi au kwa haraka, na kama mchanga wa jokoni ulinata wakati wa kuchomwa. Kigae, kwa ajabu yake, humfaa mtafiti kuliko sahani nzima: mahali kilipovunjikia huonyesha nyama ya ndani, jambo ambalo hakuna mwenye sahani nzima angekubali lifanywe kwa chombo chake.

Mwaka 1958 Kirkman alihamia Mombasa. Mwaka huo ngome, iliyokuwa gereza tangu 1895, iliachiliwa na kufanywa mahali pa historia. Kwa ruzuku ya Wakfu wa Gulbenkian, kuta zilikarabatiwa, vifusi vikachimbwa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Kwa mtafiti wa kauri, ngome hiyo ilikuwa na thamani ambayo Gedi haikuwa nayo. Historia yake imeandikwa kwa tarehe: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Sultani Yusuf bin Hasan aliitwaa mwaka 1631, Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698, Wareno walirejea kwa muda mfupi mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka uliofuata. Kule Gedi vigae ndivyo vilivyozipa kuta umri wake. Mombasa kuta na nyaraka ziliweza kuvihoji vigae, na mtafiti akapata kujua kama hesabu yake ya awali ilikuwa sawa.

Tena, karne hiyo ya 17 ina mtego wake. Mwaka 1644 dola ya Ming ilianguka, vita vikayavuruga majoko ya Jingdezhen, na wafanyabiashara wa Kiholanzi wakageukia Japani. Huko Arita, katika kisiwa cha Kyushu, udongo wa kauri ulikuwa umepatikana mwanzoni mwa karne hiyo. Mapokeo huutaja mwaka 1616 na mfinyanzi kutoka Korea anayejulikana kwa jina la Ri Sampei. Kuanzia miaka ya 1650 Waholanzi waliagiza huko shehena kubwa zilizopakiwa katika bandari ya Imari, na ndiyo maana vyombo vya Arita vilijulikana pia kwa jina la bandari hiyo. Wafinyanzi wa Japani waliiga michoro ya Kichina, na wakati mwingine wakaandika chini ya sahani zao alama ya mfalme wa China aliyekufa karne mbili kabla yao, hususan ile ya Chenghua. Basi anayechambua tabaka za enzi hiyo akaamini maandishi peke yake, atakosea nchi na atakosea karne. Kitako ndicho kinachomwokoa. Sahani nyingi za Arita zina vidoti vidogo vyenye makovu upande wa chini, alama za viguzo vya udongo vilivyoishikilia isizame katikati ndani ya joko. Wachina kwa kawaida hawakuvitumia. Udongo wa Arita aghalabu huwa na kijivu kidogo, na ngozi yake ya kioo si laini sana mkononi. Vyombo vya Kijapani vyenye jina la nchi kwa herufi za Kirumi ni vya karibuni zaidi, kwa kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutekelezwa kuhusu alama mwaka 1891, ndiyo iliyolazimisha bidhaa zitajwe zilikotoka: Nippon kwanza, kisha Japan kuanzia mwaka 1921. Anayeuziwa sahani yenye neno hilo akaambiwa kwamba ilikuwamo ngomeni wakati wa Wareno, na aondoke zake.

Kirkman alijua pia mpaka wa ushahidi wake. Bakuli la thamani hurithiwa. Lile lililopachikwa katika kaburi la mnara, kama ilivyokuwa desturi ya Mambrui na kwingineko, huenda lilikaa kidakani vizazi viwili kabla ya kutiwa chokaani. Umri wa bakuli si lazima uwe umri wa kaburi. Ndiyo sababu kaburi moja la Gedi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, lilimfaa kuliko mabakuli mengi: lilimpa mwaka usiobishaniwa wa kulinganishia. Na ndiyo sababu wakusanyaji waliong'oa mabakuli makaburini na kuacha matundu matupu walifanya hasara mara mbili. Bakuli lililotolewa ukutani linaweza kuwa halisi kabisa na bado likawa limepoteza ushuhuda wake.

Katika kusoma tarehe, mtu huyu alikuwa makini kupita wengi wa rika lake. Katika kumsoma mwenye bakuli, alikwenda kombo. Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu msikiti mkuu kiliiita Gedi mji wa Waarabu, na msimamo huo ulitawala fikra za wataalamu wa wakati wake. Nyumba za Gedi alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Ni majina yenye kupendeza, na mgeni huyakumbuka. Lakini vyombo vilivyojaa kila chumba cha Gedi vilikuwa vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papa hapa pwani, na kwa idadi viliishinda kauri mbali sana. Hakuna nyumba iliyoitwa Nyumba ya Chungu. Kigeni kilipewa jina, cha kwetu kikapewa nambari.

Udhaifu wa hoja hiyo waonekana vyema ukitazamwa kutoka Chaani. Barabara zinazopita hapo zimejaa malori yenye makasha yaliyoshushwa Kilindini na Kipevu, na sahani zinazouzwa katika maduka ya mtaa nyingi zimetoka China. Hakuna mwenye akili timamu anayehitimisha kutokana na sahani hizo kwamba wakazi wa Chaani ni Wachina. Wanunuzi ndio waliochagua, wakalipa, wakapeleka nyumbani. Waswahili wa kale nao walichagua: waliitia kauri misikitini na makaburini kwa namna ambayo Wachina wenyewe hawakuifanya, na wakaijengea vidaka katika kuta za nyumba zao. Ilikuwa sehemu ya maisha yao hata mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza maanguko ya Pate, alivitaja vidaka vya sahani miongoni mwa fahari zilizopotea. Chombo kilikuwa cha kigeni. Matumizi yake yalikuwa Uswahili mtupu.

Watafiti waliofuata, miongoni mwao Mark Horton aliyechimba Shanga katika miaka ya 1980, pamoja na Wakenya George Abungu na Chapurukha Kusimba, walivipa vyungu vya kienyeji uzito vilivyostahili, na asili ya Kiafrika ya miji hii ikadhihirika. Ni haki kuongeza kwamba hata Kirkman hakuvitupa vigae vya vyungu. Alivichora, akavigawa kwa aina na tabaka, akavichapisha. Waliompinga walipata silaha katika ghala lake mwenyewe, na si kila mtafiti wa enzi ya ukoloni aliyeacha ghala la namna hiyo.

Kazi zake zilifuatana kwa kasi: Kilepwa, Takwa, Mnarani ya Kilifi, Ras Mkumbuu kisiwani Pemba, kasri ya Gedi mwaka 1963, Ungwana ya Mto Tana mwaka 1966. Mwaka 1972 aliandika kuhusu meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome. Utafiti wake mkubwa chini ya maji ulifanywa kati ya 1977 na 1980, na ikatambuliwa kuwa Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati wa mazingira. Usimamizi wa makumbusho ulimwendea Hamo Sassoon, na mkewe, Caroline Sassoon, akaiendeleza kazi ya kauri kwa kitabu kuhusu vyombo vya Kichina vya ngomeni na kingine kuhusu alama za vitakoni. Ripoti kuu ya Kirkman juu ya ngome ilitoka mwaka 1974.

Alifariki mwaka 1989. Ngome iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011 na Gedi mwaka 2024, na huko Gedi wageni wangali wakiongozwa kutoka nyumba hadi nyumba kwa majina aliyozipa yeye.