Kaggia, shujaa aliyeulizwa amejifanyia nini

WATU sita walihukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Mmoja wao, Bildad Kaggia, alikuja kuulizwa hadharani, mbele ya wapigakura wake, alichokuwa amejifanyia tangu watoke gerezani.

Aliyeuliza ni Rais Jomo Kenyatta, mfungwa mwenzake wa Lokitaung. Katika mkutano wa Kandara, Aprili 1965, Kenyatta aliwataja Paul Ngei na Fred Kubai, waliokuwa wamejipatia mashamba na nyumba, kisha akamkejeli Kaggia kwa kudai ardhi ya bure.

Kaggia alizaliwa Dagoretti mwaka wa 1921. Alihudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na aliporejea nchini akaanzisha kanisa lisilotawaliwa na wamishenari. Baadaye aliingia katika vyama vya wafanyakazi na tawi la Nairobi la chama cha KAU. Alikamatwa Oktoba 20, 1952, akahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Mwaka wa 1963 alichaguliwa Mbunge wa Kandara, akateuliwa waziri msaidizi wa Elimu. Wadhifa huo ulimponyoka mwaka uliofuata kwa sababu hakukubali kunyamaza kuhusu ardhi.

Suala lenyewe halikuwa dogo. Wakati wa Hali ya Hatari, mashamba ya Wakikuyu yaliunganishwa na kupimwa upya ilhali wengi wao walikuwa kizuizini au msituni. Wapo waliorudi wakakuta hawana pa kulima. Uhuru ulipokuja, ardhi ya walowezi ilinunuliwa kwa fedha za mkopo, na wakulima waliopewa makao wakatakiwa kuulipa. Kwa Kaggia, kumtoza maskini bei ya ardhi aliyonyang'anywa ilikuwa dhuluma. Alitaka wasio na ardhi wagawiwe, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika.

Serikali nayo ilikuwa na hoja. Kenyatta alihubiri kwamba uhuru ni kazi, na kwamba kugawa vitu bure ni kulea uvivu. Maelfu ya Wakenya walijinunulia mashamba kwa jasho lao. Hata hivyo, wito wa kujitegemea ulimfaa zaidi aliyekuwa na cheo au njia ya kupata mkopo kuliko yule aliyetoka kizuizini mikono mitupu.

Mwaka wa 1966 Kaggia alijiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU, akapoteza kiti chake katika uchaguzi mdogo. Mwaka wa 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya Kenya huru, kwa kosa la mkutano usio halali. Alirejea KANU mwaka wa 1969, na baadaye akahudumu katika bodi za serikali za mazao.

Alipofariki Machi 7, 2005, hakuwa na utajiri wa kulinganishwa na ule wa wenzake wengi waliotawala. Waliomcheka Kandara wangeweza kusema kwamba swali la Kenyatta lilikuwa limejibiwa. Lakini swali la Kaggia, kuhusu walichopata waliopigania ardhi wakatoka bila hata kishamba, lingali mikononi mwa wajukuu wao.