Marie Curie na Mwaka wa Kungoja

Tarehe 10 Desemba 1911, mjini Stockholm, Marie Curie alipokea Tuzo ya Nobeli ya kemia na kuwa mtu wa kwanza kuitunukiwa mara mbili. Kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amelazwa hospitalini Paris, hajiwezi. Figo zilikuwa zimeugua vibaya, na Machi 1912 akafanyiwa upasuaji mkubwa.

Wengi wetu tunamfahamu kwa ajili ya radiamu. Leo tumtazame katika mwaka ambao hakugundua chochote.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, Poland ikiwa chini ya utawala wa Urusi. Mama yake alikuwa Mkatoliki mcha Mungu. Dada yake Zofia alifariki kwa homa, kisha mama akafa kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka kumi. Baada ya misiba hiyo imani aliyolelewa nayo ilimponyoka, nasi hatutampamba kwa utakatifu ambao mwenyewe hakuudai.

Mwaka 1898, pamoja na mumewe Pierre, alitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Baadaye mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, alidai kuwa amepata elementi nyingine tofauti na poloniamu. Marie alijibu kwa kupima muda. Atomi za poloniamu huvunjika zenyewe, zikirusha chembe ndogo mno. Atomi moja itavunjika lini, hakuna awezaye kusema. Huenda ni leo, huenda ni baada ya miaka. Lakini zikiwa nyingi, mwendo wake ni mmoja: baada ya muda maalumu nusu huwa imekwisha, na baada ya muda kama huo tena, nusu ya zilizosalia. Hazichochewi kwa moto wala hazicheleweshwi kwa barafu. Anayetaka kuupata muda huo hana budi kurudi kwenye kipimo chake kwa miezi, akiandika jinsi nguvu ya mionzi inavyopungua. Mwaka 1906 Marie alitoa jibu: siku 140. Vipimo vya siku hizi vinasema siku 138 na kidogo. Elementi ya Marckwald ilikuwa na muda uleule, naye akakubali kwamba ni poloniamu.

Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Pierre aligongwa na gari la farasi akafa.

Mwaka 1911 magazeti ya Paris yaliuanika uhusiano wa Marie na mwanafizikia Paul Langevin, mtu mwenye mke na watoto. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, wala ya kuwasifu waliokusanyika kwa hasira nje ya nyumba yake, watoto wakiwa ndani. Hivyo mwili uliopelekwa hospitalini ulikuwa umechoka tangu mapema.

Upasuaji ulikwisha, lakini ugonjwa haukuondoka pamoja na kisu. Katika parokia zetu huombewa sana anayeingia chumba cha upasuaji. Aliyetoka miezi minne iliyopita, ambaye bado hawezi kubeba ndoo ya maji, tunamsahau. Marie alipitia miezi hiyo. Mwezi wa Mei wajumbe kutoka Poland walimwomba arudi kuongoza maabara Warsaw, akashindwa kwenda. Alikubali kuisimamia kutoka mbali. Kiangazi alihifadhiwa pwani ya Uingereza na rafiki yake, mwanafizikia Hertha Ayrton, mjane kama yeye. Aliishi huko kwa jina la ukoo wa baba yake ili waandishi wa habari wasimpate. Mwanamke aliyeujua muda wa poloniamu kwa hesabu ya siku hakuwa na hesabu ya siku za kupona kwake.

Alirudi maabara Desemba 1912, baada ya miezi kumi na minne hivi.

Vita vilipozuka mwaka 1914 aliandaa magari yenye mashine za eksirei, akaenda nayo karibu na uwanja wa mapambano pamoja na binti yake Irène, ili madaktari waione risasi kabla ya kumpasua majeruhi. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu, ambao yaelekea ulitokana na mionzi aliyoishi nayo miaka mingi, akazikwa Sceaux karibu na Pierre. Mwaka 1995 Ufaransa iliwahamishia wote wawili Panthéon.