Zhou Enlai na safari ndefu ya kutoka Bandung hadi Tunduma

TRENI ya TAZARA ikitoka Mbeya hupita Mlowo na Vwawa, kisha huingia Tunduma, stesheni ya mwisho upande wa Tanzania kabla ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umeirithi reli hiyo pamoja na mpaka wenye foleni za malori.

Kwamba reli hiyo ilijengwa na Wachina, hakuna asiyejua. Anayetajwa kwa nadra ni Waziri Mkuu wao wa wakati huo, Zhou Enlai, ambaye magazeti ya zama zile yalizoea kumwandika Chou En-lai.

Zhou alizaliwa Machi 5, 1898 mjini Huai'an, katika jimbo la Jiangsu, kwenye ukoo wa watumishi wa dola ya kifalme uliokuwa ukididimia. Alisoma Tianjin, akaenda Japan, na mwaka 1920 akasafiri kwenda Ufaransa, ambako alijiunga na harakati za kikomunisti. Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa mwaka 1949, alikuwa Waziri Mkuu, wadhifa alioushika hadi kufa. Hadi mwaka 1958 alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje.

China aliyoiwakilisha si hii ya leo. Ilikuwa nchi maskini iliyotoka vitani, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan. Marekani haikuitambua. Inasimuliwa kwamba katika mkutano wa Geneva mwaka 1954, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alikataa kumpa mkono.

Aliyefungiwa mlango wa mbele alitafuta wa nyuma, na mlango huo ulikuwa Bandung, Indonesia, Aprili 1955, mataifa 29 ya Asia na Afrika yalipokutana. Nusura asifike. Ndege iliyokodiwa kuuchukua ujumbe wa China kutoka Hong Kong ililipuliwa kwa bomu na kuanguka baharini, watu 16 wakafa. Zhou hakuwamo.

Ukumbini, baadhi ya wajumbe waliushambulia ukomunisti waziwazi. Zhou aliigawa kwa maandishi hotuba aliyokuwa ameiandaa, kisha akasimama na kutoa nyingine fupi, akieleza kwamba China haikuja kugombana bali kutafuta yale wanayokubaliana. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo alipoonyesha ubingwa wake. Nchi changa zilizomwogopa zilianza kumsikiliza.

Tanganyika haikuwapo Bandung. Ilikuwa bado chini ya Waingereza, na TANU haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja.

Kati ya Desemba 1963 na Februari 1964, Zhou alizuru nchi kumi za Afrika. Ghana aliingia siku chache baada ya Rais Kwame Nkrumah kunusurika kuuawa, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuahirisha. Ni katika ziara hiyo alipotangaza kanuni nane za misaada ya China: mikopo isiyo na riba au yenye riba ndogo, kutokuwapo masharti, kuwafundisha kazi wenyeji, na wataalamu wa China kuishi maisha sawa na wenzao wa nchi husika.

Afrika Mashariki ilikuwa kwenye ratiba, lakini Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Kenya na Uganda, na ziara ikafutwa.

Tena, si kila alilosema lilipokewa vizuri. Mjini Mogadishu alitamka kwamba Afrika imeiva kwa mapinduzi, na alipofika Dar es Salaam Juni 1965 alirudia wazo hilo. Viongozi waliokuwa ndiyo kwanza wamekalia viti vyao walijiuliza ni nani hasa atakayepinduliwa, na Kenya haikuficha kukasirika kwake. Kwa mwanadiplomasia wa kiwango chake, hilo lilikuwa kosa.

Lililokuja kudumu kutokana na ziara ile ni mazungumzo yake na Mwalimu Nyerere kuhusu reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeukataa mradi huo kwa hoja kwamba haulipi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini, ikabanwa. Mafuta yakalazimika kusafirishwa kwa malori katika barabara ya vumbi na matope kupitia Tunduma, njia ambayo madereva wengi walipoteza maisha.

Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Mkopo usio na riba, wa Yuan milioni 988, ulikamilishwa mwaka 1970, na ujenzi ukaanza Oktoba mwaka huo. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa njia ya bidhaa: China ilileta bidhaa zake madukani Tanzania na Zambia, na mapato yake yakagharimia kazi. Kwa hiyo waliolipa walikuwa pia wanunuzi wa kawaida, jambo ambalo halisemwi sana.

Wachina walikaa kambini pamoja na vibarua wa Kitanzania, wakatoboa milima kati ya Mlimba na Makambako. Zaidi ya 60 kati yao walikufa, na makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Mwaka 1973 reli ilifika Tunduma.

China nayo haikuondoka mikono mitupu. Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirejeshea kiti kwa kura 76 dhidi ya 35, na kura nyingi zilitoka Afrika. Tanzania, iliyowakilishwa na Balozi Salim Ahmed Salim, ilikuwa miongoni mwa waliowasilisha azimio hilo. Miezi minne baadaye Rais Richard Nixon alitua Beijing na kumpa Zhou mkono.

Nyumbani hakuwa na raha. Alikuwa Waziri Mkuu wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1959, na katika Mapinduzi ya Utamaduni aliwaokoa baadhi ya watu huku akitia saini amri zilizowaangamiza wengine. Wanahistoria hawajaacha kubishana juu yake.

Saratani ilimuua Januari 8, 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Hakuacha mtoto, na majivu yake yalitawanywa kama alivyotaka. Reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia Julai 14 mwaka huohuo, miezi sita baada ya kifo chake.