Mackay, mhandisi aliyefundisha Buganda kufua chuma na kusoma

RUSIZI – Mfanyabiashara anayevusha mzigo kati ya Rusizi na Bukavu anahitaji barabara inayopitika, fundi wa karibu gari likiharibika, na Kiswahili cha kuelewana na wateja. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, Mskoti Alexander Mackay aliyashughulikia yote matatu katika Afrika Mashariki.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849, katika kijiji cha Rhynie, Scotland, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, kisha akafanya kazi ya kuchora na kuunda mitambo mjini Berlin, Ujerumani. Mwaka 1876 alitumwa na shirika la kimisionari la CMS, akafika Zanzibar mwezi Mei.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa barabara. Mwaka 1877 aliongoza vibarua kufyeka njia kutoka Saadani, pwani ya Tanzania ya leo, hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370. Lengo lilikuwa mizigo ikokotwe na maksai badala ya kubebwa na wapagazi.

Novemba 1878 alifika Buganda. Kabaka Mutesa I alijua Kiswahili, hivyo waliweza kuzungumza bila mkalimani. Mackay alifungua karakana Nateete, akafundisha vijana kufua chuma, useremala na uchapaji. Masomo ya kusoma yalianza kwa Kiswahili, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwepo. Baadaye alijifunza Kiganda, akachonga herufi na kuchapa kurasa za kusomea.

Ikulu ilimthamini zaidi kama fundi. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyetakiwa kutengeneza majeneza yake. Yeye alitaka ujuzi ubaki kwa wanafunzi, lakini wanafunzi hao ndio walioumia. Mutesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga akashika utawala. Januari 31, 1885, vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa.

Mackay mwenyewe aliondolewa Buganda mwaka 1887. Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akaendelea kutafsiri, kuchapa na kuunda mashua. Malaria ilimuua Februari 8, 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Hakuwa mtu asiye na upande. Alitaka Uingereza iingilie mambo ya Buganda, na ukoloni ulifuata muda mfupi baada ya kifo chake.

Hata hivyo, wazo la kufundisha ufundi halikufa. Mwaka 1922 Makerere ilianza kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Leo ni chuo kikuu ambacho kimesomesha wahandisi wa nchi nyingi za ukanda huu.