Walter Brattain: Mwanafizikia aliyeunda transista ya kwanza kwa wembe na dhahabu

Jumanne ya tarehe 16 Disemba 1947, mwanafizikia mwenye umri wa miaka 45 alikuwa kwenye meza yake ya kazi katika Maabara ya Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Alikuwa na kipande cha plastiki chenye umbo la pembetatu, ambacho kingo zake alizibandika ukanda mwembamba wa dhahabu. Kwenye ncha ya pembetatu hiyo aliupitisha wembe taratibu mpaka ukanda ukakatika, ukabaki vipande viwili vilivyoachana kwa takriban milimita 0.05, kiasi cha unene wa unywele. Akaikandamiza ncha hiyo kwa springi juu ya kipande kidogo cha jermaniamu, akaunganisha betri.

Kilifanya kazi mara ya kwanza. Umeme dhaifu ulioingia upande mmoja ulitoka upande wa pili ukiwa na nguvu zaidi.

Mtu huyo alikuwa Walter Houser Brattain. Kifaa chake, ambacho kwa macho kilifanana na kitu cha kuokoteza, kilikuwa transista ya kwanza duniani. Kila amplifaya ya transista iliyokuja baadaye, iwe ya kiwandani au iliyoungwa na fundi nyumbani kwake, ni mjukuu wa pembetatu ile ya plastiki. Hata hivyo, mtu anayetajwa zaidi transista inapozungumziwa ni William Shockley, aliyekuwa mkuu wake wa kazi na ambaye siku ile hakuwa na mkono katika jaribio hilo.

Mchunga ng'ombe

Brattain alizaliwa tarehe 10 Februari 1902 mjini Amoy, ambao leo unaitwa Xiamen, nchini China, ambako baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka uliofuata familia ilirudi Marekani, katika jimbo la Washington, na baadaye ikahamia kwenye shamba la mifugo karibu na Tonasket, si mbali na mpaka wa Canada. Huko ndiko alikokulia, akichunga ng'ombe.

Alisoma fizikia na hisabati katika Chuo cha Whitman, mjini Walla Walla, akahitimu mwaka 1924. Akapata shahada ya pili Oregon, na mwaka 1929 akatunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka huohuo aliajiriwa na Maabara ya Bell, tawi la utafiti la kampuni ya simu ya AT&T.

Kampuni ya simu ilihitaji wanafizikia kwa sababu rahisi. Sauti inayosafiri kwenye waya hufifia kadiri inavyokwenda mbali, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani lazima ikuzwe upya. Kazi hiyo ilifanywa na valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Valvu zilikula umeme mwingi, zilitoa joto kali, na ziliungua. Wakubwa wa Bell walitaka kitu kigumu, kisicho na kioo wala uzi wa kuwaka moto, kinachoweza kukuza sauti bila kuchoka.

Kwa miaka mingi Brattain alishughulika na uso wa vitu, yaani kile kinachotokea pale juu kabisa mwa kipande cha madini, hasa oksaidi ya shaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya utafiti wa kugundua nyambizi kwa kutumia sumaku. Aliporudi Bell, aliwekwa katika kikundi kilichosimamiwa na Shockley, na hapo akaungana na John Bardeen.

Wawili hao walitofautiana sana. Bardeen alikuwa mtu wa nadharia, mpole, mwenye sauti ya chini na maneno machache. Brattain alikuwa mwepesi wa kusema, mtu wa vifaa, ambaye akielezwa jambo asubuhi alitaka kuliona mezani jioni. Walielewana vizuri kazini na hata kwenye mchezo wa gofu. Mmoja alifikiri, mwingine akajaribu, kisha wakabadilishana maneno na kuanza upya.

Mwezi wa ajali za heri

Shockley alikuwa ameleta wazo mwaka 1945: ukiweka bamba lenye chaji karibu na kipande cha semikondakta, chaji hiyo ingepaswa kuongeza au kupunguza umeme unaopita ndani. Lilipojaribiwa, halikutokea lolote la maana. Bardeen akatoa maelezo mwaka 1946. Elektroni, alisema, zinanaswa kwenye uso wa semikondakta na kuwa kama ngao inayozuia chaji ya nje isifike ndani.

Novemba 1947 Brattain alikuwa akipima tabia ya uso huo katika silikoni, na mvuke ukawa unaganda kama umande kwenye vifaa vyake na kuharibu vipimo. Njia sahihi ingekuwa kuondoa hewa yote, lakini hiyo ingechukua muda. Akaamua kukizamisha chombo kizima ndani ya maji. Matokeo yalimshangaza: maji yaliivunja ile ngao. Mkemia Robert Gibney akashauri waongeze volteji kwenye kimiminika hicho, na kwa mara ya kwanza wakaweza kuuathiri umeme ndani ya silikoni kutoka nje.

Zikafuata wiki chache za kazi ambayo fundi yeyote anayerekebisha amplifaya yake usiku ataitambua: badilisha kitu kimoja, pima, badilisha kingine. Tone la maji lilikauka haraka, wakaweka kimiminika kizito kinachotumiwa ndani ya kapasita. Silikoni ikaachwa, Bardeen akapendekeza jermaniamu, na ukuzaji ukapanda sana. Lakini bado kulikuwa na kasoro kubwa. Kimiminika kilikuwa kizito kuitikia, na kifaa hakikuweza kwenda zaidi ya mitetemo 10 hivi kwa sekunde. Sauti ya mtu akizungumza ina mamia na maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Amplifaya ya namna hiyo haina faida kwa simu wala kwa redio.

Wakaamua kukiondoa kimiminika na kutumia tabaka jembamba la oksaidi juu ya jermaniamu, na juu yake dhahabu. Hapa ikatokea ajali ya pili. Brattain alipokisafisha kipande kwa maji, bila kujua alilisafisha na tabaka la oksaidi likaondoka lote. Dhahabu ikawa inagusa jermaniamu moja kwa moja, jambo ambalo hawakulikusudia. Alipopima, aligundua kwamba kitu kipya kabisa kinatokea, na kwa kasi inayotosha kubeba sauti.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Ncha ya kwanza ya dhahabu ilikuwa ikiingiza ndani ya jermaniamu nafasi tupu zinazokosa elektroni, ambazo wanafizikia huziita matundu. Matundu hayo yakisogea hadi ncha ya pili yanaifungulia njia, na umeme wa betri unapita kwa wingi. Ukitikisa kidogo umeme wa ncha ya kwanza, umeme mkubwa wa ncha ya pili nao unatikisika kwa kuufuata. Ila sharti lilikuwa moja: ncha hizo zikaribiane mno. Waya wa kawaida ulikuwa mnene kupita kiasi kwa kazi hiyo. Ndipo Brattain alipofikiria plastiki, dhahabu na wembe.

Tarehe 23 Disemba, mkesha wa siku ya kuamkia Krismasi, kifaa kiliunganishwa na maikrofoni upande mmoja na hedifoni upande wa pili mbele ya wakubwa wa maabara. Watu walipokezana kuzungumza na kusikiliza. Kifaa kilipoingizwa kwenye saketi sauti ilipanda, kilipoondolewa ilishuka. Nguvu iliongezeka takriban mara 18, na hakukuwa na valvu hata moja.

Picha aliyoichukia

Shockley alifurahi na kuumia kwa pamoja. Kikundi chake kilikuwa kimefaulu bila yeye. Aliwaambia Brattain na Bardeen kwamba hataza ingestahili kuwa yake peke yake, kwa kuwa wazo la mwanzo lilikuwa lake. Brattain, ambaye hakuwa mtu wa kumeza maneno, alimjibu kwa hasira kwamba sifa iliyopo ilitosha watu wote. Mawakili wa kampuni walipochunguza, waligundua kwamba wazo la Shockley lilikaribiana na hataza za Julius Lilienfeld za miaka ya nyuma, wakaliweka kando. Hataza ya transista ya ncha mbili iliombwa Juni 1948 kwa majina ya Bardeen na Brattain tu.

Ni haki kusema kwamba Shockley hakukaa kulalamika. Usiku wa mwaka mpya alijifungia katika hoteli mjini Chicago akiandika, na mwezi Januari alikuwa na wazo la transista ya tabaka tatu, isiyo na ncha za kugusa. Hiyo ndiyo iliyoshinda hatimaye, kwa sababu kifaa cha Brattain kilikuwa dhaifu, kilikuwa na kelele, na mtikisiko mdogo uliweza kukivuruga.

Lakini kulikuwa na suala la picha. Bell ilipotangaza transista mjini New York tarehe 30 Juni 1948, jina likiwa limebuniwa na mhandisi John Pierce, magazeti hayakushtuka sana. New York Times iliitaja kwa aya chache ndani ya habari za redio. Kilichosambaa ni picha rasmi ya watu watatu: Shockley ameketi mbele ya hadubini kana kwamba yuko katikati ya jaribio, Bardeen na Brattain wamesimama nyuma yake. Meza ilikuwa ya Brattain, na vifaa vilikuwa vyake. Aliichukia picha hiyo.

Alikataa kuendelea kufanya kazi chini ya Shockley, akahamishiwa kikundi kingine. Bardeen aliondoka mwaka 1951 kwenda Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1956 watatu hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Usiku wa sherehe mjini Stockholm walijikuta kwenye meza moja, wakinywa na kuzungumza kama zamani, kwa saa chache.

Transista mikononi mwa mafundi

Mapema miaka ya 1950 transista ziliingia kwanza kwenye vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, ambako udogo na matumizi madogo ya betri vilikuwa na thamani kuliko bei. Mwaka 1953 kampuni ya Raytheon ilianza kuwauzia watu wa kawaida transista iliyoitwa CK722, kwa dola 7.60. Nyingi zilikuwa zile zilizoshindwa vipimo vya vifaa vya masikio. Kwa watengenezaji wa nyumbani hilo halikuwa tatizo. Vijana waliunda redio na amplifaya juu ya meza za jikoni, bila volteji za hatari za valvu.

Pia walijifunza upesi udhaifu wa jermaniamu. Ikipata joto hupitisha umeme zaidi, na umeme ukizidi huongeza joto, mpaka transista inakufa. Silikoni, ile iliyoachwa na Brattain na Bardeen mwaka 1947, ilirudi kwa sababu hiyo: inavumilia joto. Hata hivyo haikuliondoa tatizo lote, ndiyo maana amplifaya ya leo bado ina bati la alumini mgongoni la kupoozea transista zake.

Mwishoni mwa 1954 ikatoka Regency TR-1, redio ya mfukoni yenye transista nne, kwa dola 49.95. Baada ya hapo redio haikuhitaji tena umeme wa ukutani. Katika Afrika Mashariki neno transista likawa jina la redio yenyewe, ile ya mawe ya betri inayobebwa begani au kuning'inizwa shambani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliweza kuwafikia watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vingi vikiwa vijijini ambako hakuna nguzo ya umeme.

Hilo ndilo lililompendeza Brattain zaidi uzeeni: kwamba watu wasiojua kusoma, wachungaji na wakulima wa mbali, waliweza kusikia habari za dunia. Jambo lililomuudhi lilikuwa muziki wa rock. Alisikitika kwamba wanamuziki walitumia amplifaya za transista kupandisha sauti hadi kuumiza masikio. Wapiga gitaa wa bendi zetu za dansi wangemcheka, lakini mzee alikuwa na hoja ya kitabibu.

Mke wake wa kwanza, Keren, ambaye alikuwa mkemia, alifariki mwaka 1957, miezi michache baada ya tuzo. Brattain alioa tena mwaka uliofuata. Alistaafu Bell mwaka 1967 akarudi Whitman, chuo alichosoma akiwa kijana. Huko alifundisha fizikia kwa wanafunzi wasiosomea sayansi na kuchunguza utando unaozunguka chembe hai, kwa maana nyingine bado uso wa vitu. Alifariki mjini Seattle tarehe 13 Oktoba 1987 akiwa na miaka 85, baada ya kuugua ugonjwa wa Alzheimer. Alizikwa Pomeroy, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Washington.