George Boole: mtoto wa fundi viatu ambaye hesabu yake iko ndani ya kila kompyuta

Kila mara tunapowasha simu ao kompyuta, kuna hesabu ya mtu mmoja inayofanya kazi ndani yake. Mtu yule alikufa mwaka 1864, mbele umeme haujaingia katika nyumba za watu. Jina lake ni George Boole, Mwingereza. Wanafunzi wa informatiki wanalijua jina lile, lakini wengi hawajui maisha yake. Na maisha yale yanatuhusu sana sisi watu wa kazi.

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 katika mji wa Lincoln. Baba yake, John, alikuwa fundi wa viatu. Mzee yule alipenda hesabu na kutengeneza vyombo vya kutazamia nyota kuliko kushona viatu, ndiyo maana biashara yake haikuenda mbele. Lakini njo yeye aliyemfundisha mtoto hesabu za kwanza. Kilatini mtoto alifunguliwa na muuza vitabu mmoja wa mji, na Kigiriki akajifunza peke yake. Alipokuwa na miaka 14, gazeti la kwao lilichapisha shairi la Kigiriki alilotafsiri. Mwalimu mmoja akakataa kuamini, akasema mtoto wa umri ule hawezi.

Kiisha biashara ya baba ikaanguka kabisa. Kwa miaka 16 tu George akaingia kazi ya ualimu katika mji wa Doncaster, juu wazazi na wadogo zake watatu walimtegemea yeye. Kwa miaka 19 akafungua shule yake mwenyewe. Hakupata hata siku moja kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mchana alifundisha watoto wa wengine, na usiku njo ulikuwa wakati wake wa kusoma. Lincoln kulikuwa nyumba ya masomo iliyofunguliwa kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi, yenye vitabu vya kuazima. Alijifunza Kifaransa kusudi aweze kusoma vitabu vya Lacroix na Lagrange. Kitabu kimoja cha hesabu kilimshika muda mrefu, na kwa mtu wa feza kidogo hiyo ni faida. Mwaka 1844 wakubwa wa sayansi wa London, wale wa Royal Society, wakampa medali ya zahabu kwa andiko lake la hesabu. Mwalimu wa shule ndogo, bila diploma!

Mwaka 1847 unastahili tuutazame polepole. Wakati ule wafanyakazi wa maduka walisimama kazini tangu asubuhi mpaka usiku sana. Katika Lincoln chama kiliundwa cha kudai maduka yafungwe mapema, na Boole alikuwa pamoja nao. Aliwatolea hotuba juu ya matumizi mazuri ya saa walizopata. Kwake, saa ile haikuwa ya kulala tu, ilikuwa ya kusoma na kukuza akili. Alijua anasema nini, maana elimu yake yote aliiiba kwenye usingizi wake.

Mwaka ule ule alitoa kitabu kidogo kuhusu hesabu ya mantiki, ni kusema hesabu ya kufikiri sawasawa. Tangu Aristotle, mantiki ilifundishwa kwa maneno tu. Boole akaleta alama. Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme x ni mawe yote yenye shaba, na y ni mawe yote yenye kobalti. Basi x mara y ni mawe yenye vyote viwili. Ukichagua mawe yenye shaba, halafu ndani yake uchague tena yenye shaba, unabaki na yale yale. Kwa hiyo x mara x ni x. Katika namba za kawaida, ni mbili tu zinazofuata sheria hiyo: 0 na 1. Boole akafanya 1 kuwa vitu vyote, na 0 kuwa hakuna kitu. Ukitoa x katika 1, unapata mawe yasiyo na shaba. Watu waliokuja nyuma yake walirekebisha mambo fulani, lakini msingi umebaki: maneno matatu madogo, na, ao, hapana, yakawa hesabu.

Mwaka 1849 aliitwa kuwa profesa wa hesabu katika chuo kipya cha Cork, Ireland, nchi iliyokuwa bado ndani ya njaa kali. Kule alitoa mwaka 1854 kitabu chake kikubwa juu ya sheria za mawazo. Mwaka 1855 alioa Mary Everest, wakazaa mabinti watano. Mmoja, Alicia, alijulikana katika hesabu; mwingine, Ethel, akawa mwandishi wa riwaya. Mwezi wa Novemba 1864 Boole alitembea kwa miguu chini ya mvua kwenda kufundisha, akafundisha na nguo zikiwa maji. Ugonjwa wa mapafu ukamshika. Alikufa tarehe 8 Desemba, na miaka 49.

Kazi yake haikufa. Mwaka 1937, Mmarekani kijana Claude Shannon alionyesha kwamba swichi za umeme zinafuata hesabu ya Boole. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme unapita kama ya kwanza na ya pili zimefungwa: hiyo ni na. Zikiwekwa sambamba, yatosha moja: hiyo ni ao. Kwa njia hiyo lifti ya mgodi inaweza kuzuiliwa isiondoke mpaka mlango umefungwa na alama imetolewa. Kompyuta ni swichi za namna ile, ndogo sana na nyingi sana.

Na kuna fumbo ambalo limebaki. Ukiwa na masharti marefu ya na, ao, hapana, je, kuna njia ya kuyatimiza yote pamoja? Kwa herufi 10 kuna namna 1.024 za kujaribu. Kwa 20, zaidi ya milioni moja. Kwa 30, zaidi ya miliari moja. Mwaka 1971 Stephen Cook alionyesha kwamba mtu akipata njia ya haraka kwa fumbo hili, ataipata pia kwa mengine mingi, kama kupanga zamu za kazi. Tangu mwaka 2000 kuna zawadi ya dola milioni moja kwa atakayemaliza swali hili. Hakuna aliyeichukua.

Wandugu wa sendika, tushike mambo mawili. Kwanza, fomula ya Boole haiulizi nani anasema. Inauliza tu kama neno linafuata neno. Mkataba ukisema nyongeza ni ya yule aliyefanya kazi usiku na siku ya Mungu, si sawa na usiku ao siku ya Mungu. Tusisaini mbele ya kupima neno lile dogo. Pili, tukidai saa za kazi zipunguzwe, tudai pia fasi ya kusoma na vitabu vya kuazima. Mtoto wa fundi viatu alihitaji hivyo tu.